Sahani na watu: shajara ya mradi wangu Yongin, Korea Kusini

Jumapili, 25 Februari 2024

Leo ni siku ya nne tangu nifike Korea Kusini kufundisha Kiswahili chuoni. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Mji unaitwa Yongin, uko kusini mwa Seoul, na chumba changu kiko ghorofa ya pili ya nyumba ndogo ya matofali iliyoegemea kilima. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na moja, anakaa chini. Baridi ya nje inakata masikio. Mimi ni mtu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Koti zito la kwanza maishani mwangu nimelinunua kwa safari hii.

Kabla sijaondoka nilizungumza na mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha ng'ambo, nchi nyingine. Aliniambia mwaka mzima alipika wali na mayai chumbani kwake, akala huku anatazama simu, na siku ya kuondoka hakuwa na wa kumuaga isipokuwa wanafunzi wake. Alivyolisema, nilisikia kwamba bado linamuuma. Mradi huu umezaliwa na mazungumzo yale.

Kila wiki nataka kula chakula kimoja ambacho sijawahi kukila, na nikile na mtu. Nitaweka hesabu mbili, ya sahani na ya watu. Sahani inaingia kwenye hesabu nikishajua inaitwaje na imetiwa nini. Mtu anaingia nikilijua jina lake, naye akalijua langu, na tukawa tumekula pamoja zaidi ya mara moja. Nguruwe na pombe havimo, kwa kuwa mimi ni Muislamu. Majina ya watu sitayaandika hapa, kwa sababu walionikaribisha wamenikaribisha nyumbani kwao.

Sahani 0, watu 0.

Ijumaa, 8 Machi

Muhula ulianza Jumatatu. Darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi kumi na wanane, na siku ya kwanza niliwafundisha "shikamoo". Nimesikia walimu wengine wakisema neno hili huwapa wageni tabu, hawaelewi kwa nini salamu itazame umri. Hapa halikuhitaji maelezo. Kikorea chenyewe hubadilisha kitenzi kulingana na unayezungumza naye, na watu wakikutana huulizana umri mapema ili wajue waseme vipi. Nilipomaliza kueleza, binti mmoja wa mstari wa nyuma alisimama, akainama mpaka nywele zikamfunika uso, akasema: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, na darasa zima likasimama.

Jambo la pili lililonifurahisha nimelikuta mkahawani. Mama anayepika na kuhudumia huitwa "imo", maana yake dada wa mama. Yaani unaingia dukani kwa mtu usiyemjua unasema, mama mdogo, naomba supu. Nilijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza.

Lililoniumiza ni karamu ya kunikaribisha. Walimu wenzangu walinialika Jumatano jioni. Katikati ya meza palikuwa na jiko la kuchomea, na juu yake vipande vinene vya nguruwe. Hawakujua, na mimi sikuwa nimesema. Niliona haya kuuliza tutakula nini, kana kwamba ningekuwa nachagua. Nikala wali, majani ya saladi na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na mwenzangu aliyeandaa akaniomba radhi mara tatu, uso umemwiva. Ile aibu nilimtia mimi kwa kunyamaza. Kesho yake mwanafunzi mmoja aliniandikia kadi kwa Hangul, herufi za Kikorea: sili nguruwe, sinywi pombe, vya baharini nakula vyote. Ninaiweka nyuma ya simu na kuionesha kabla sijaketi.

Suala la kanuni: mezani hapa huletwa visahani vingi vidogo, wanaviita "banchan", huviagizi wala huvilipii, na vikiisha unaongezwa. Nikivihesabu vyote mradi utakwisha mwezi huu. Nimeamua banchan haihesabiwi mpaka mtu anieleze inavyotengenezwa.

Sahani 3, watu 0.

Jumanne, 19 Machi

Ramadhani imeingia wiki iliyopita. Niliandika wiki hii kama wiki ya kupumzisha mradi, na nilikosea.

Usiku wa tatu wa daku, kama saa kumi na nusu, mlango uligongwa. Alikuwa bibi mwenye nyumba, amevaa koti juu ya nguo za kulala, ameshika simu yenye programu ya kutafsiri. Siku tatu mfululizo ameona taa yangu inawaka usiku wa manane, na mchana hasikii harufu ya chakula wala mlio wa sufuria. Alisema maneno machache, simu ikayageuza: unaumwa? Nikamjibu kwa njia hiyohiyo. Akasoma, akaniangalia, akauliza: hata maji? Hata maji, bibi. Akatikisa kichwa, akashuka.

Jioni yake jua lilipozama aligonga tena. Amebeba sufuria ndogo kwa mikono miwili, kitambaa kimezungushiwa mpini. Ndani mna uji mzito wa rangi ya machungwa, "hobakjuk", uji wa boga uliotiwa unga wa mchele nata. Nilipouonja sikuweza kusema kitu. Kwetu futari bila boga la nazi ni kama haijaandaliwa, na pale nilikuwa mbali na kila mtu wangu, nimeletewa boga. Alibaki amesimama mlangoni mpaka nikamaliza bakuli la kwanza. Nilipomkaribisha aketi, akaketi.

Tangu siku hiyo anajua saa ya magharibi kuliko mimi. Jana nilimfuata jikoni kwake na nikaona jambo jingine. Wali ulipopakuliwa, chini ya sufuria ulibaki ukoko. Nyumbani tulipokuwa watoto tuliupigania ukoko mpaka tukachapwa. Yeye aliumwagia maji, akaurudisha motoni, na ukatoa kinywaji chenye rangi ya chai hafifu na harufu ya mchele uliokaangwa. Wanakiita "sungnyung", na hunywewa moto baada ya kula. Nikamwambia kwetu hicho kilichoganda chini kinaitwa ukoko. Akalitamka mara tatu, u-ko-ko, akaliandika kwa Hangul nyuma ya kalenda iliyo ukutani.

Sahani 6, watu 1.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Imeangukia siku ya uchaguzi wa wabunge, kwa hiyo nchi nzima ilikuwa mapumziko na sikuhitaji kuomba ruhusa. Nilikwenda Seoul kuswali msikiti mkuu wa Itaewon, uliofunguliwa mwaka 1976, uko juu ya mlima na barabara inayoupandia ina maduka ya nyama ya halali, viungo na tende. Watu wa Indonesia, Pakistan, Uzbekistan, Bangladesh. Mswahili sikumwona. Baada ya swala nilikaa na binti wa Kiuzbeki anayesomea uhandisi, akanigawia sambusa zao, "samsa", zinazookwa badala ya kukaangwa. Tumebadilishana namba. Nimerudi na kuku wawili wa halali kwenye mfuko wa barafu.

Sahani 8, watu 1.

Jumamosi, 18 Mei

Wiki hizi mbili zimekuwa wiki za dagaa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alirudi kwao likizo fupi na kuniletea kopo alilopewa na mama yake. Nikafungua. Dagaa! Wadogo, wa fedha, macho yao yanakutazama, wamekaangwa na sosi ya soya, sharubati na ufuta mpaka wakang'aa. Hawa huitwa "myeolchi", na nilipouliza nikaambiwa wamo karibu katika kila kitu: wakubwa wanachemshwa kutoa mchuzi wa supu, wadogo ndio hawa wa banchan, na wengine hutiwa chumvi wakachachushwa wakawa maji ya kuungia. Nikanunua pakiti ya waliokaushwa nikawapika kwetu, kwa nazi ya kopo, nyanya, pilipili mbichi na ndimu. Yule mwanafunzi alikula kimya, halafu akaomba nimwambie hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, polepole, ili amrekodie mama yake. Lilikuwa somo zuri kuliko lolote nililoandaa mwezi huu. Vitenzi vyote vya jikoni vilikaa: kuosha, kukatakata, kuunga, kukoroga, kutia, kuepua.

Pili, karibu na kituo cha basi kuna mkahawa wa tambi za kukata kwa kisu, "kalguksu", zenye mchuzi wa dagaa na kome. Saa tisa mchana huwa hakuna wateja. Nilikuwa namtazama imo akisukuma donge kwa kijiti kirefu, nikashindwa kujizuia, nikamwonesha kwa mikono kwamba hii kazi naijua. Aliniangalia kidogo, akanipa kijiti. Nikasukuma kama chapati, duara, lakini kubwa kama sinia. Yeye akalinyunyizia unga, akalikunja mara nne, akanipa kisu: kata. Tambi zangu zilitoka nene. Akazichemsha hivyohivyo, tukazila sisi wawili. Sasa Alhamisi saa tisa ni zamu yangu pale, na hataki nilipe.

Sahani 15, watu 3.

Jumamosi, 22 Juni

Mitihani imekwisha, muhula wa kwanza umefungwa. Nimeketi na daftari kutazama hesabu.

Sahani 23. Watu 4: bibi, mwanafunzi wa dagaa, imo wa tambi, na yule binti wa Kiuzbeki, ambaye nimekwenda kwake mara tatu kukunja samsa.

Tangu Machi nimealikwa mara nyingi. Wenzangu chuoni ni wakarimu kweli, wamenipeleka mikahawa mizuri, wamenilipia, wamenieleza kila kitu kilicho mezani. Nimekula "bibimbap", wali wa kuchanganywa na mboga, ya chungu cha jiwe, chapati ya chaza na vitunguu vya majani ambayo watu hapa huitamani mvua ikinyesha, samaki aina sita. Lakini nikizisoma kurasa za siku zile naona majina ya vyakula na mitaa, na watu ni kama hawakuwepo. Tuliagana mlangoni kwa kuinamiana, na mwaliko uliofuata ulikuwa tena mwaliko. Wale wanne niliowahesabu, kila mmoja wao nimewahi kushika kisu au mwiko wake.

Nilikuwa nimepanga mradi kwa kula, na kukaribishwa kula kunakuweka mgeni. Ninabadilisha kanuni. Kuanzia leo chakula hakiingii kwenye hesabu kwa kukila tu, lazima niwe nimeshiriki kukitengeneza, hata kama ni kumenya kitunguu saumu. Na wanaotaka kunialika nitawaomba wanialike mapema, wakati bado wanapika. Nafuta sahani 14. Zinabaki 9.

Naona hii ndiyo hesabu ya kweli.

Jumapili, 7 Julai

Siku ya Kiswahili Duniani. Chuo kimefungwa lakini wanafunzi kumi na mmoja walibaki kwa ajili yake, na tulifanyia jikoni kwa bibi na uani.

Niliamua kupika pweza wa nazi. Jana alfajiri tulikwenda soko la samaki la Noryangjin, Seoul, mimi, bibi na wanafunzi wawili. Sijawahi kuona soko la samaki lenye sakafu inayong'aa na matangi ya maji safu kwa safu. Pale huuzwa pweza mdogo aliyekatwa akiwa hai, vipande vinajisokota kwenye sahani, na watu humla hivyo na mafuta ya ufuta. Nilikataa, nikasema sababu yangu, na hakuna aliyenisukuma. Tukanunua pweza mkubwa mmoja.

Kwetu Jambiani maji yakitoka, kina mama hutembea mwambani na kijiti wakitafuta tundu, na pweza akishapatikana hupigwa chini mpaka alainike. Nilimtoa wetu kwenye mfuko, nikaanza kutafuta mahali pa kumpigia. Bibi akanizuia mkono. Akamtia beseni, akamwaga unga wa ngano na chumvi ya mawe, akaanza kumsugua kama mtu anayefua. Utelezi ulitoka kijivu, ukashikamana na unga, ukaenda na maji. Alisugua kila mkono mmoja mmoja, kidole chake gumba kikipita ndani ya kila kikombe cha mkono huo. Nilijaribu kufuata nikaambiwa bado. Nikasugua tena. Bado. Mara ya tatu aligusa, akasema neno ambalo sasa nalijua: "dwaesseo", basi, inatosha.

Pweza alilainika kuliko yeyote niliyewahi kupika, na alikuwa hajapigwa hata mara moja.

Wanafunzi walisukuma chapati. Mmoja wao, kijana mnyamavu ambaye darasani hunipa jibu la neno moja, alisimama kwenye kikaango saa nzima akizigeuza, na nilimsikia akimwelekeza mwenzake kwa Kiswahili bila kujua kwamba nasikia: "Ngoja kwanza. Bado haijaiva. Sasa, geuza!" Nilitoka nje kidogo nikafuta macho.

Sahani 11, watu 7.

Jumatatu, 15 Julai

"Chobok", ya kwanza ya siku tatu zinazohesabiwa kuwa kilele cha joto. Siku hizi huliwa supu ya kuku ya moto kabisa, "samgyetang". Wanasema joto hutolewa kwa joto. Nilitoa kuku wangu wa Itaewon, bibi akamjaza tumboni mchele nata, vitunguu saumu vizima, mzizi wa ginseng na matunda makavu mekundu. Nilipoliuma moja nikalitambua: kunazi! Si kunazi zetu hasa, hizi ni kubwa na tamu zaidi, lakini ni ndugu. Sahani 12.

Jumamosi, 24 Agosti

Joto ni kali mchana na usiku. Nimefundisha kozi fupi ya kiangazi, nimelala vibaya. Tambi za baridi katika maziwa ya soya kwa imo, nimesaga soya mwenyewe. Sahani 13.

Jumanne, 17 Septemba

"Chuseok", sikukuu ya mavuno, na bado joto. Watoto wa bibi walikuja na familia zao, na nilitaka kujificha chumbani niwaachie nafasi. Saa mbili asubuhi mjukuu wa miaka minane alitumwa kunifuata.

Kazi ilikuwa "songpyeon". Unga wa mchele unakandwa kwa maji ya moto, unakatwa vidonge, kila kidonge unakitoboa kwa kidole, unatia ufuta uliopondwa na asali, unakifumba kama nusu mwezi, halafu vyote vinapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Vidole vyangu vilijua kazi hii kabla yangu. Ni mkono uleule wa vipopoo, tulivyoviringisha jioni za Ramadhani kwa mama tukivipanga kwenye ungo. Tofauti ni harufu: badala ya nazi na iliki, nyumba nzima ilinukia msitu.

Husemwa kwamba anayefinyanga songpyeon nzuri atazaa binti mzuri. Binti mkubwa wa bibi alinyanyua moja yangu, akaizungusha, akamwambia mama yake kitu, wote wakacheka na kunipigapiga bega. Mjukuu hakunitafsiria. Nikamwonesha kuviringisha kipopoo, akaviringisha vingi, tukavipika jioni kwa nazi ya kopo. Wazee walipenda, watoto wawili walikataa kabisa.

Tatizo lililozungumzwa mezani lilikuwa bei ya kabichi. Joto limeharibu mashamba ya milimani, na kichwa kimoja kinaelekea won 10,000. Bibi alisema hata ikifika 20,000, Novemba atafanya kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili. Halafu akaniuliza kama nitakuwepo. Nilisema nitakuwepo.

Sahani 15, watu 9.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimetimiza miaka thelathini na nne leo. Nilimtajia bibi tarehe hii mara moja tu, mwezi wa Aprili, alipokuwa akijaza karatasi ya upangaji.

Alinigongea saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shuka, akasema, mikono. Siku hizi neno hilo hulisema kwa Kiswahili. Mezani palikuwa na kiganja cha kitu cheusi, kikavu, kilichokunjamana kama kamba iliyotupwa juani. Akakitia kwenye beseni la maji. Nikasimama nikitazama. Taratibu kikaanza kufunguka, kikawa kijani, kikapanuka, kikatoa mikono na mapindo, mpaka beseni likajaa na harufu ikanipanda: harufu ya Jambiani maji yakitoka asubuhi.

Mwani.

Kilimo cha mwani kwetu kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani. Mama yangu alianza miaka michache baadaye, mimi mgongoni mwake. Nimekulia kwenye vigingi na kamba, kwenye kufunga vipande kimoja kimoja wakati wa bamvua, maji yakifika magotini na jua likichoma utosi. Sare zangu za skuli zilitoka mwanini. Tuliuanika, tukauuza kwa kilo, ukapakiwa magunia, ukaenda ng'ambo. Tulisikia unatolewa utomvu wa kutia uzito kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Siku hizi kuna kina mama wanaotengeneza sabuni, hata juisi. Lakini nilipokuwa mtoto hakuna aliyeutia chunguni, na mtu angeniambia kuna watu wanauandalia meza ningedhani ananitania.

Huu wao si aina yetu. Wanauita "miyeok", majani yake ni mapana na laini, unaota maji ya baridi. Bibi aliukata, akaukaanga kwa mafuta ya ufuta na kitunguu saumu. Kwa kawaida hutiwa nyama ya ng'ombe. Yeye alitia kome, kwa ajili yangu, akasema watu wa pwani hata hapa Korea hupika hivyo. Ukachemka mpaka mchuzi ukawa mweupe kama maziwa. Nikala mabakuli mawili na wali. Ni laini, una chumvi ya bahari kwa mbali, unateremka bila kutafuna.

Kisha akanieleza kwa nini ni chakula cha siku ya kuzaliwa. Mwanamke akijifungua hupewa supu hii kwa wiki kadhaa ili arudishe damu na maziwa yatoke. Mtoto akikua, kila mwaka siku yake ikifika huila ili akumbuke alichokula mama yake. Nikamweleza uji wa pilipili manga anaopewa mzazi kwetu mpaka arubaini. Akauliza kama mama yangu aliunywa. Nikasema bila shaka. Akauliza kama mama yangu amewahi kula mwani. Nikasema amepanda miaka zaidi ya thelathini na hajawahi.

Bibi aliweka kijiko chini.

Jioni nilimpigia mama kwa video, nikamwonesha beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hongera ya siku yako. Nini hicho?"

"Mwani, mama. Nimekula leo, wamenipikia."

Akasogeza simu karibu na uso. "Huo si spinosum wala kottoni, aina zetu. Jani lake pana hilo." Akakaa kimya. "Na wanaula na nini?"

"Na wali, mama. Na kome."

"Na wali," akarudia, kama mtu aliyeelezwa habari ya ndoa asiyoitarajia. Halafu: "Niletee nionje."

Sahani 18, watu 10.

Alhamisi, 14 Novemba

Mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu. Ofisi zilifunguliwa baadaye kuliko kawaida ili watahiniwa wasikwame barabarani, na ndege zilisimama kuruka na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walisimulia wao walikula nini mwaka jana. Peremende ya kunata, ili jibu lishike. Supu ya mwani mwiko, kwa sababu inateleza na wewe utateleza. Nimewaahidi kwamba wiki ya mtihani wangu sitaipika.

Jumamosi, 23 Novemba

"Kimjang". Siku ya kufanya kimchi ya majira yote ya baridi. Utamaduni huu uliingizwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi, na baada ya leo najua ni kwa nini wanauita urithi wa kushirikiana.

Kabichi zilikuwa arobaini. Bei imeshuka tangu Septemba, ashukuriwe Mungu. Jana jioni tulizipasua katikati na kuzitia chumvi ya bahari jani kwa jani, zikalala usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri bibi alikuwa ameshazigeuza. Kufika saa moja tulikuwa tisa, mbali na bibi: binti zake wawili na mkwe mmoja, majirani wawili, imo wa tambi aliyefunga duka, mwanafunzi wa dagaa, mimi, na binti wa Kiuzbeki niliyemwomba bibi ruhusa ya kumleta. Kuosha mara tatu kwa maji baridi yanayouma mifupa. Kuchuja. Mimi nilipewa figili, ndoo mbili, nizikate nyembamba kama njiti.

Ndani ya karai kubwa vikaingia pilipili ya unga, kitunguu saumu, tangawizi, vitunguu vya majani, majani ya haradali, maji ya dagaa waliochachushwa, uji wa mchele nata wa kushikamanisha, na uduvi wa chumvi. Uduvi nilikuwa nimeusikia harufu kabla kopo halijafunguliwa. Nilionja mmoja kwenye kidole. Ungekuwa mkavu ningeapa umetoka Pemba.

Tulivaa glavu za mpira, tukaketi chini kuzunguka karai. Unashika nusu ya kabichi kwa mkono wa kushoto, unafungua jani la ndani kabisa, unapaka zaidi kwenye shina kuliko kwenye jani, unakwenda la pili, la tatu, mpaka la nje, ambalo unalitumia kufungia kichwa kizima kama unavyomfunga mtoto mbeleko. Bibi alichukua ya kwanza niliyofunga, akaifungua mbele ya wote, akanionesha nilipopaka nyingi mno. Nikarudia. Hakuna aliyeniambia niache, nipumzike, mimi mgeni. Jirani aliponiona nimesimama kunyoosha mgongo alinipa ndoo nikamwage maji.

Mazungumzo yalikuwa yale ya kila shughuli ya wanawake. Nani ameolewa, nani anaumwa, mume wa nani hasaidii. Nilielewa kama nusu, na nusu nyingine nilidhania, na sikuhitaji simu.

Mchana waliopenda walikula kimchi mbichi na nguruwe wa kuchemsha. Upande wangu wa meza bibi alipanga chaza wabichi na tofu ya moto. Binti wa Kiuzbeki alikula bakuli tatu.

Nimepewa kopo langu, kilo tano, jina langu limeandikwa juu kwa Hangul.

Sahani 20, watu 12. Majirani wawili wameingia leo. Walikuwa wakinisalimia tangu Machi, lakini leo ndiyo tumeambiana majina.

Alhamisi, 28 Novemba

Theluji ilianza jana na haijakoma. Redio inasema Seoul haijapata Novemba yenye theluji kama hii kwa zaidi ya miaka mia moja. Masomo yamefutwa. Tawi la msonobari limevunjika nyuma ya nyumba kwa uzito. Mimi na bibi tumefagia ngazi mara nne, tukala wali, kimchi, na sungnyung. Mwishoni aliupa ukoko jina la kwetu bila mimi kuuliza.

Mwishoni mwa Disemba nakwenda nyumbani kwa likizo, na Februari nitarudi. Chuo kimeniongezea mwaka. Nilikuwa nimeandaa pakiti mbili za miyeok za kumpelekea mama, zile ndogo za dukani. Bibi alizitazama akaziweka pembeni. Akaingia chumbani kwake, akatoka na kifurushi kirefu kilichofungwa kwa uzi mwekundu: mwani mkavu mzima, haujakatwa. Huu ndio anaopewa mzazi. Haukunjwi wala hauvunjwi, kwa sababu ni dua ya uzazi salama na maisha marefu ya mtoto.

Nikasema, bibi, mama alijifungua miaka thelathini na nne iliyopita.

Akasema, basi amechelewa kuupata, mpelekee.

Nimepima. Sanduku langu lina sentimita sabini ndani, mwani una karibu mita moja. Nimemwuliza kama naweza kuukunja mara moja tu, katikati, taratibu. Hataki. Kesho nitapiga simu shirika la ndege kuuliza kama wataniruhusu nipande nao mkononi.